Chupa Zilizokuwa Zikiisha Bondeni

Isome taratibu mpaka mwisho, kisha mpelekee mwenye mgonjwa nyumbani.

Mfalme mmoja alifiwa na dada yake kwa saratani ya utumbo mpana. Dada huyo alikufa akilia kwa maumivu. Matanga yalipoisha, mfalme akamwita mkaguzi wake, Bwana Lusajo.

"Nina hospitali mbili, ya Mlimani na ya Bondeni. Kapime ni ipi inawatunza vizuri watu ambao saratani hii imeshawaenea mwilini. Isiyofaa, mkuu wake aondoke."

Mkaguzi akaenda na daftari lake. Mlimani alikuta shuka zimenyooshwa vizuri na vifo viwili tu kwa mwaka mzima. Chupa za dawa kali ya maumivu zilijaa kabatini, haijafunguliwa hata moja.

Bondeni alikuta vifo thelathini na kimoja. Kabati lilikuwa karibu tupu, zimebaki chupa mbili tu.

"Dawa iko wapi?" akamuuliza muuguzi mkuu, Sista Tumpe.

"Imetumika, baba."

"Yote hiyo? Wenzako wa Mlimani hawajafungua hata chupa moja."

"Basi kawaulize wanamwekea nani."

Jibu hilo lilimchoma mkaguzi. Akaanza kumchunguza. Kila alasiri alimwona Sista akitokea mlango wa nyuma na kikapu kilichofunikwa kanga.

"Huyo anauza, mzee," mpishi wa hospitali akamnong'oneza. "Hukukiona kile kiatu chake kipya?"

Mkaguzi akaandika barua ya kumfukuza Sista kazi. Ilibaki sahihi tu. Alitaka kwanza amfumanie.

Kesho yake akamfuata. Sista akakatiza shamba la mihogo, akaingia nyumba moja ya udongo. Mkaguzi akajibanza dirishani.

Ndani alilala mama aliyekonda sana, tumboni amewekewa mfuko wa kupokelea choo. Sista alisugua viganja vyake vipate joto, ndipo akamgusa. Akampimia dawa kwa kijiko, akamnywesha. Kisha akambadilisha ule mfuko bila kukunja uso.

"Leo afadhali, Mama Rehani. Jana kwa harufu ungefukuza fisi."

Yule mama akacheka mpaka akashika tumbo. "Koma wewe! Ningekuwa na nguvu ningekuchapa."

Mkaguzi akaingia bila hodi. "Huyu ni mgonjwa wa hospitali gani?"

Sista alishtuka, lakini hakuficha kikapu. "Muulize mwenyewe."

"Nilikuwa Mlimani," mama akasema. "Waliniambia hawana la kunifanyia, nikafie kwangu. Tuko tisa tulioambiwa hivyo. Sista anatuzungukia sote."

Mkaguzi akafungua daftari. Jina la Mama Rehani lilikuwa kwenye orodha ya Mlimani, na mbele yake pameandikwa: ametoka akiwa hai.

"Na wakifa huku majumbani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nawaandika Bondeni," Sista akajibu. "Ni wangu, nitawaandika wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja umeshaniona mwizi, baba. Ningesema, ungeniamini?"

Mkaguzi akaichana ile barua palepale.

Baada ya siku kumi na moja Mama Rehani akafariki, binti yake akimsuka nywele, Sista amemshika mkono. Mkaguzi akarudi kwa mfalme.

"Mtukufu, Sista Tumpe abaki. Anayepaswa kuondoka ni mkuu wa Mlimani. Ila nimekwama mahali pamoja. Kifo cha yule mama nikiandike hospitali gani?"

Mfalme akamjibu:

"Kifo ni cha Mungu, usimwandikie mtu. Andika siku alizolala bila kulia, na uandike nani alikuwa naye."

Funzo: Kabla hujamshuku anayeuguza, nenda ukakae kando ya kitanda cha mgonjwa wake, maana daftari linaweza kuwa safi huku mgonjwa analia.