Ukoko wa Intaneti

Paukwa!
—Pakawa!
Intaneti ya nani?
—Ya mwenye rauta!

Eeh, kaeni basi. Msinikatize, maana nikikatizwa naanza upya, na kichwa chenyewe hiki kimeshachakaa.

Hapo kale, si kale sana, wanyama walipanga vyumba nyumba moja. Intaneti moja, wanachangia wote, lakini rauta ilikaa chumbani kwa Fisi. Kwa nini kwa Fisi? Kwa sababu ya meno.

Fisi alikuwa na televisheni kubwa kama mlango. Akiwasha, anatazama nyama zikichomwa. Nyama shwaa! Mate tiririri! Kwa Kobe simu inazunguka: zungu, zungu, zungu. Kwa Kanga inazunguka: zungu, zungu, zungu.

Siku moja binti wa Bi Nguchiro anaolewa mbali, na mama mguu umevimba, safari haiwezi. Ndoa ataiona kwa simu tu. Akawasha. Sura ya binti ikatokea, ikaganda mdomo wazi. Zungu, zungu, zungu. Bi Nguchiro roho ikamuuma, akaenda kwa Fisi akichechemea.

Ko ko ko! "Hodi, kaka Fisi."

"Sitoki! Nakula kwa macho!"

"Kula, kaka. Ila nakuonea huruma. Unavuta intaneti ya juu, nyepesi. Ukoko unatuachia sisi."

Fisi masikio wima. "Intaneti ina ukoko?"

"Loo! Chungu gani hakina ukoko? Uko chini kabisa. Sisi tukimaliza ya juu, wewe unakwangua peke yako. Nyama inatoka na harufu yake!"

"Harufu!" Fisi akazima televisheni, pwa! Akaketi mbele ya rauta, kijiko mkononi.

Kule chumbani kwa Bi Nguchiro, binti akaonekana, hina mpaka viganjani. "Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu! Nakuona!" Bi Nguchiro akalia, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Jioni Fisi akaita, "Ukoko tayari?"

"Bado, kaka. Kobe anamalizia ya juu, na Kobe unamjua."

Mpaka leo anasubiri.

Funzo, wajukuu zangu: jirani akija kukuonea huruma, usimwamini.

Fisi mjinga kweli! Mimi bibi yenu hanidanganyi mtu hivyo. Televisheni nimeizima tangu adhuhuri kwa sababu mama yenu, msomi yule, kaniambia tamthilia hunoga intaneti ikishatulia. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwasimulia.

Ngano imefika mlangoni. Aliye nje aingie, aliye ndani alale. Na mmoja wenu akamuulize mama yenu: bado tu?