Kanga Aliyefunga Maua Yake kwa Kamba

Paukwa!

Pakawa.

Ah, hiyo ndiyo pakawa? Mmekula mkashiba, sasa mnaitikia kama mnakohoa. Narudia. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Na wewe Subira, msogezee mwenzio mkeka. Ngano ya leo ni ya wivu, na wenye wivu humu ndani nawajua. Simtaji mtu.

Hapo zamani za kale, ndege na wanyama walipokuwa wakilima kama tulimavyo sisi, palikuwa na majirani wawili. Mmoja ni Kanga, yule ndege wa madoadoa meupe, mama wa vifaranga saba. Wa pili ni Digidigi, mjane, mdogo wa umbo, mpole wa sauti, macho yake makubwa. Nyumba zao zilitazamana. Katikati palikuwa na wigo wa minyaa.

Kila mmoja alipanda maboga kwenye bustani yake. Masika yakanyesha, yakanyesha, yakanyesha. Maboga yakatambaa, yakapanda wigo, yakafika mlangoni. Na maboga yale hayakuwa mchezo, jamani. Kiangazi cha huko kilikuwa kirefu. Mwenye maboga darini, watoto wake walikula. Asiyekuwa nayo aliwachemshia maji matupu.

Sasa kulikuwa na desturi. Maua ya kwanza yakichanua kwa jirani yako, unakwenda asubuhi, unasimama kwenye wigo, unasema, "Maua yameamka!" Mwenye bustani anakujibu, "Yameamka kwetu sote!" Basi. Hakuna zawadi, hakuna pilau. Maneno tu.

Asubuhi moja Kanga akafungua mlango. Looo! Kwa Digidigi manjano tupu! Maua huku, maua kule, maua hadi juu ya paa. Kwake yeye? Matatu, nayo yamejikunja.

Kobe akapita, taratibu, taratibu. "Maua yameamka!"

"Yameamka kwetu sote!" akajibu Digidigi.

Mbuzi naye akapita. "Maua yameamka! Digidigi, mkono wako una baraka!"

Kanga akaona donge. Likapanda, likapanda, likamkaa kooni. "Mimi nimepalilia mara tatu! Mimi nimebeba samadi kichwani mpaka shingo ikatoka manyoya! Yeye kafanya nini? Kupepesa macho tu!"

Kifaranga wake mkubwa akauliza, "Mama, hatuendi kusema maua yameamka?"

"Yalale huko huko! Kula mtama wako."

Hakwenda. Siku ya pili hakwenda. Siku ya tatu na maua yake mwenyewe yakachanua, tele, makubwa, yanang'aa. Ungedhani roho itatulia. Wapi! Alikuwa akitazama yake mara moja, ya jirani mara kumi.

Akiwa pale anachungulia, akasikia vuuuu! Nyuki hao. Wakaingia kwenye maua ya Kanga, wakatoka na miguu imejaa vumbi la manjano. Vuuuu! Wakaruka wigo, wakaingia kwenye maua ya Digidigi.

"Alaa!" akasema Kanga. "Kumbe! Wanachota umanjano wangu, wanampelekea yeye! Ndiyo maana anasifiwa!"

Alingoja awaone wakirudi? Hakungoja. Alishaona alichotaka kuona, akaingia ndani kuchana kamba za mgomba.

Kesho yake, umande haujakauka, Kanga yuko bustanini. Analishika ua, analibana mdomo, anafunga. Kaza, fundo. Kaza, fundo. Akayafunga yote.

Vuuuu! Nyuki wakaja. "Hodi! Hodi, mama Kanga!"

"Hakuna hodi! Nendeni kwa mpenzi wenu huko!"

"Mama Kanga, hebu sikiliza kwanza..."

"Sisikilizi wezi!" Akawapiga kwa mabawa, pa! pa! pa! Nyuki wakaondoka.

Digidigi akasogea kwenye wigo. "Jirani, habari za asubuhi. Mbona maua umeyafunga? Yanaumwa?"

"Ya kwangu hayo. Nitayafunga, nitayafungua, nitayavalisha kofia nikitaka. Wewe yanakuhusu nini?"

Digidigi akarudi kwake.

Ikawa ndiyo kazi ya Kanga. Kila ua linalotoka, kaza, fundo. Nyuma ya baadhi ya maua kulikuwa na vitoto vya maboga, vidogo, mviringo, kijani. Kanga akavipapasa, akacheka peke yake. "Tutaona kiangazi nani atasifiwa."

Siku mbili, kitoto cha boga kikanyauka. Siku ya tatu, po! Kikaanguka. Po! Kingine. Po! Po! Po!

"Ameniroga!" Kanga akapiga kelele. "Digidigi ameniroga na macho yake yale!" Akafanya nini? Akazikaza kamba zaidi.

Masika yakaisha. Kwa Digidigi maboga yamelala chini kama mitungi, anayabingirisha moja moja kuyaingiza ndani. Kwa Kanga majani makavu na kamba. Kamba nyingi kwelikweli.

Kiangazi kikaingia. Mtama ukapungua, mtama ukaisha. Kanga akachemsha maji. Vifaranga wakalia, kwii, kwii, kwii. Baadaye wakawa wanalia sita. Yule wa saba, kitinda mimba, alikuwa amelala pembeni, mdomo wazi, halii tena. Nyamazeni kidogo. Mama akisikia mtoto wake hata kulia hawezi, donge lote la dunia linayeyuka.

Kanga akakimbia mpaka kwenye mzinga wa nyuki. "Mmenifanya nini? Mbona sikupata boga hata moja?"

Malkia wa nyuki akatoka. "Sisi? Mama Kanga, maua ya maboga kuna ya dume, kuna ya jike. Vumbi la dume lisipofika kwa jike, boga halishiki. Tulikuwa tunatoa kwako tunapeleka kwake, tunatoa kwake tunaleta kwako. Wewe uliiona safari ya kwenda tu. Ukafunga mlango, chakula cha wanao kikabaki nje."

Kanga alirudi kwa miguu, mabawa yameanguka. Akafika kwenye wigo, akasimama. Haya imemjaa, anaona aibu hata kubisha hodi. Aombe vipi? Aanzie wapi? Akafungua mdomo, yakatoka yale maneno aliyoyakataa masika yote.

"Jirani... maua... maua yameamka."

Jua kali, vumbi, hakuna ua hata la dawa! Ungekuwa wewe, Subira, ungecheka mpaka ukae chini. Digidigi hakucheka. Aliingia ndani. Kukasikika gurugurugu, gurugurugu. Akatoka anabingirisha maboga mawili, akayapitisha chini ya wigo.

"Yameamka kwetu sote," akasema. "Wapikie watoto, jirani. Mbegu usitupe."

Kanga akapika huku machozi yanamtoka. Akamlisha kitinda mimba kwa mdomo wake, kidogo, kidogo. Jioni mtoto akainua kichwa. Kwii! Anataka nyingine.

Masika yaliyofuata Kanga hakushika kamba. Ndiyo maana mpaka leo kukipambazuka anapiga ukelele mji mzima, kekeke, kekeke! Anawaita nyuki: njooni, mlango u wazi!

Basi wanangu, na wakubwa pia, msijifiche nyuma ya watoto. Kanga alitaka kumnyima jirani yake, akawanyima watoto wake mwenyewe. Cha mwenzio kikichanua, nenda kampongeze, maana na wewe umo.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye wigo wa minyaa, na aliyenuna nikisimulia nimemwona. Haya, kabla hamjaondoka. Maua yameamka!

Yameamka kwetu sote!