Kwaya Ndani ya Landrova

Ulimwona, usikatae. Ulipita mbele ya ua wa mwalimu Zébédée, hapa Kamina, ukaona miguu yake imechomoza chini ya Landrova ya mwaka 1966, ukageuza uso kuelekea reli kana kwamba kuna treni inayokuja. Treni ipi? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo tunaisema vizuri sana, tukiwa tumekaa.

Kumbukumbu haiozi. Gari lile lilimpeleka mama yako hospitali, likampeleka na padri alipougua, ingawa mwenyewe Zébédée ni Mmetodisti. Mashimo ya barabara yakavunja resori za nyuma, vile vyuma bapa vinavyobeba mgongo wa gari. Wakati huo Dorothée, binti yake, alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa kupasuliwa. Daktari alimwonya asijaribu kuzalia nyumbani wala kupanda pikipiki.

Zébédée hakuomba msaada. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa aliona haya kunyoosha mkono. Wiki tatu, peke yake, aliinua gari kwa kriki, yaani jeki, akalikalisha juu ya magogo, akafunga resori alizozitoa kwenye gari bovu, kisha akakaza bolti zote gari likiwa bado linaning'inia. Hapo ndipo alipokosea. Alipolijaribu hadi sokoni, raba za resori, zile zinazobanwa na bolti hizo, zilijisokota zikachanika kama karatasi. Bolti zile hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba mzigo wake. Na mzigo wake ni watu.

Jumapili alikuwa chini tena, na raba za mwisho, kwaya ya Wametodisti ikipita kutoka ibadani. Mama Kyabu, Mkatoliki anayeuza samaki jirani na ua ule, akawazuia njiani, akainama.

"Mwalimu, weye uko muntu ao uko kriki?"

"Uniache, mama. Minyi nitamaliza."

"Mutoto ya Dorothée hatangoja haya yako ipite."

Chini ya gari spana ikalazwa. Kisha sauti ikatoka, ndogo, si ya darasani.

"Basi bapande, mama. Bote."

Wakaweka mawe kwenye magurudumu. Waimbaji kumi na wawili wakajibana ndani na majoho yao, wenye sauti nene nyuma kabisa. Mmoja akatania kwamba leo besi imepata kazi. Gari likashuka taratibu kama ng'ombe anayepiga magoti. Wakaimba, Zébédée akakaza, Mama Kyabu akimpa spana.

Jumanne alfajiri uchungu ukamshika Dorothée. Landrova ilivuka mashimo yote bila kuyumba, na mtoto wa kike akalia mikononi mwa daktari kabla jua halijapanda.

Ilihitajika nini? Makalio ya watu kumi na wawili, kwa saa moja. Tulimnyima kwa wiki tatu.

Mtaani kwako sasa hivi yuko mwingine, amelala chini ya mzigo wake. Inuka. Usimalize chai. Nenda ukamuulize ushike wapi, kabla hajalazimika kuomba, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.