Raba ya Nyuma, Nta ya Mbele

"Waya hauliwi na safari, huliwa na tundu." Methali hii ilianza hivi, na mimi ninayewasimulia sikuisikia kwa mtu. Nilikuwemo.

Jana babu yenu alimwambia Lubango maneno hayo mbele ya kibanda cha kuku, na Lubango akanuna. Nilikuona, Lubango, usikatae. Kibanda umekijenga kwa matofali ya kuchoma, kuta zimenyooka, paa halivuji, halafu mlango ukaufunga kwa kipande cha kamba. Kicheche akapita palepale penye kamba, akala kuku wanne. "Kuku wameliwa na kicheche, babu ananiletea habari za waya!" Ndivyo ulivyosema. Kaeni basi, mniachie nafasi ya kunyoosha mguu, niwaeleze waya huo ulikuwa wa nani.

Ulikuwa wa gari la baba yangu, Mzee Kasanda. Baba alifanya kazi ya reli hapa Tabora miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu kufuata njia ya treni, nyundo begani, akiikagua. Alipostaafu alinunua gari dogo la mtumba, akawa anakwenda nalo Sikonge kununua asali. Gari lilikuwa zima, ila lilikuwa na ugonjwa mmoja: betri yake ilikaa ndani ya boneti, ubavuni mwa bomba la moshi. Joto la bomba liliichemsha. Maji ya betri yalikauka kila wiki, na kiangazi kimoja tu kiliua betri mbili.

Wakati huo kulikuwa na fundi umeme wa magari aliyeitwa Mihayo. Mnamjua, ndiye babu yenu, ila siku hizo alikuwa na nywele. Alitaka kuleta barua ya posa nyumbani kwetu, na alikuwa akiogopa, maana baba alikwisha kurudisha barua mbili za watu wengine. "Wote wanasema vizuri," baba alisema. "Mimi nataka kuona mkono wa mtu, mdomo nimeshausikia."

Basi Mihayo alipomwambia kwamba dawa ya gari lile ni kuihamishia betri kwenye buti, mbali na joto, baba akasema, "Ihamishe. Tutakwenda Sikonge na kurudi, na wewe utakaa kiti cha mbele. Fundi hupanda gari alilolitengeneza. Tukirudi salama, mshenga wako apige hodi. Tusiporudi salama, asijisumbue."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilimpenda yule fundi hadi nikawa nasahau kutia chumvi kwenye mboga. Mnacheka nini? Nyinyi mlidhani mimi nilizaliwa bibi?

Mihayo alifanya kazi siku tatu. Kwenye buti alitengeneza sanduku la mbao, akaifunga betri humo isitikisike. Toka hapo hadi kwenye injini ni mwendo wa mita tano, na waya wenyewe ulikuwa mnene kama kidole gumba. Hakuupitisha chini ya gari, akiogopa mawe na bomba la moshi. Aliulaza ndani, chini ya kapeti, kando ya milango, akaubana kila baada ya shubiri mbili. Siku hizi waya wa namna hiyo hutiwa fyuzi kubwa ya kukata umeme karibu na betri, lakini zamani hizo fyuzi hiyo mjini kwetu hatukuwa nayo.

Sasa, waya ule ulipita kwenye matundu mawili ya bati. Moja lilikuwa nyuma, unapotoka kwenye buti. Jingine lilikuwa mbele, kwenye bati linalotenga abiria na injini. Bati lililotobolewa lina makali, kwa hiyo kila tundu huvalishwa raba ya mviringo ili waya usikwaruzwe, maana shaba yake ikigusa bati huwaka moto. Mihayo alizunguka maduka yote akapata raba moja. Na safari ilikuwa kesho yake asubuhi.

Nilimkuta amechuchumaa kando ya gari, raba mkononi.

"Nitamwomba mzee siku moja zaidi," akaniambia.

"Ukimwomba siku moja atasema umeshindwa," nikamjibu. "Raba hiyo itie nyuma. Baba atafungua buti, na hapo ndipo atakapochungulia. Huko mbele nani atainama? Kuzibe kwa nta."

"Mbele ndiko kwenye joto, Nyamizi."

"Nta ya baba ni ngumu. Ngoja nikakuletee."

Nyinyi watoto wa siku hizi nta hamuijui. Kwetu Unyamwezini chungu kikipata ufa ilikuwa nta, uzi wa kushonea viatu nta, mlango ukikwama nta. Nilimletea donge kubwa kama ngumi kutoka ghalani. Akasita, akanitazama, akalikanda. Alipomaliza, tundu lile lilikuwa laini, linang'aa, linapendeza kuliko lile lenye raba. Mimi mwenyewe nilijisifu.

Asubuhi baba alifungua buti. Akapitisha kidole kuzunguka raba, polepole, kama alivyozoea kupapasa misumari ya reli. "Hapa kuna kazi," akasema. Mihayo alitazama pembeni. Mimi nilizitazama kucha zangu.

Kwenda kulikuwa kuzuri, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Tulifika Sikonge mapema, tukapakia madebe ya asali kwenye buti, tukayafunga kwa mikanda ya mpira wa tairi, tukageuza. Jua la mchana lilikuwa kali na barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo. Tulikuwa tumebakiza theluthi ya njia niliposikia harufu. Kwanza ilikuwa harufu ya nta, tamu, kama mtu anayechuja asali. Nikajua. Kabla sijafungua mdomo, harufu ikawa ya mpira unaoungua, na moshi ukatoka chini miguuni mwa Mihayo.

Baba alisimamisha gari, akazima injini, lakini moshi ulizidi. Umeme ule ulikuwa unatoka moja kwa moja kwenye betri, haukuwa na habari na ufunguo. Mihayo aliruka nje. Alifungua buti, akakata mikanda, akateremsha madebe barabarani moja baada ya jingine, akachomoa spana namba kumi mfukoni na kuilegeza klipu ya betri. Alipoinyanyua tu, moshi ukapungua, ukakoma. Kapeti lilikuwa limetoboka kwa moto. Tungechelewa kidogo, gari lingebaki majivu pale.

Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya debe la asali, akajifuta uso.

"Fundi," akasema, "sisi tulipoambiwa reli ni mbovu, hatukurudi kusema reli ni mbovu. Tulitembea mpaka tufike penyewe. Tembea."

Mihayo akaanza kwenye betri, akaufuata waya kwa kiganja. Nyuma, penye raba, mzima. Chini ya kiti, mzima. Kando ya milango, kila kibanio mahali pake, ngozi ya waya haina hata mkwaruzo. Akafika mbele, akainama, kichwa chake kikapotea gizani. Baba alikuwa nyuma yake, hakuona kitu. Mimi nilichungulia kwa mlango wa pili, nikaona. Niliona nta imeyeyuka yote, imechuruzika chini, na bati limetafuna waya mpaka kwenye shaba.

Wajukuu zangu, panya hupenda kutafuna nyaya za magari. Kila mtu anajua hivyo, na baba alijua. Neno moja tu, "panya", lingetosha. Nilimwona Mihayo akilifikiria neno hilo, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba alitamke.

Akainuka. Vidole vyake vilikuwa vimejaa nta.

"Ni hapa, mzee. Palitaka raba, nikatia nta."

"Na raba ile ya nyuma?"

"Niliiweka kule kwa sababu kule ndiko ungetazama."

Baba akavitazama vile vidole vya nta. Kisha akauliza, "Nta uliipata wapi?"

Mihayo akatazama chini. "Fundi ni mimi, mzee. Kosa ni langu."

Nilijua nikifungua mdomo ninajifungia mlango wa ndoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafungua. "Nta nilimpa mimi, baba. Na habari ya raba kuitia nyuma, maneno ni yangu."

Baba alibandua kipande cha nta kwenye bati, akakiviringisha, akakitia mfukoni, maana hakuwa mtu wa kutupa nta. Akasema, "Mita tano zote hizi sina neno nazo. Umeulaza vizuri. Lakini waya hauliwi na safari, huliwa na tundu."

Mihayo alikikata kipande kilichoungua, akaunga, akauviringishia mkanda mmoja wa ule mpira wa tairi tuliofungia madebe, na tundu nalo akalivalisha mpira huohuo. Mpira tulikuwa nao tangu mwanzo, wajukuu zangu. Tungetulia kidogo jana yake, tungeuona. Tukarudi taratibu, na mimi nililia kimyakimya kule nyuma mpaka mjini.

Mlangoni baba alizima gari.

"Nilisema tusiporudi salama, mshenga asijisumbue."

"Ndiyo, mzee," Mihayo akajibu.

"Kesho katafute raba ya kweli, hata kama itakuchukua mwezi. Ukishaitia, mshenga aje."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Baba," nikasema, "na gari lililotaka kuungua?"

"Gari nimeliona. Waliokuja kabla ya fundi huyu walinionyesha safari zao, mashamba yao, kazi zao, ukoo wao. Hakuna aliyenionyesha tundu lake. Nyinyi leo mmefika penye tundu, nyote wawili, na hamkutia nta."

Raba ilipatikana baada ya majuma mawili. Mshenga alikuja siku ya tatu yake. Na toka hapo, miaka arobaini na moja sasa, babu yenu akiniona nafanya jambo kwa haraka huniuliza, "Hapo umetia raba au nta?" Nami humuuliza vivyo hivyo, na siku nyingine tunanuniana kidogo.

Kwa hiyo, Lubango, kuta zako hazina neno, na paa lako ni zuri kuliko la nyumba hii. Kesho katafute komeo la chuma. Waya hauliwi na safari, mjukuu wangu. Huliwa na tundu.