Sanduku Mkononi mwa Levina

Mwalimu Paskazia Shigela alifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumshinda kwa kuhesabu mizani. Kwa hiyo Bhavesh Popatlal, mwenye studio ya picha mjini Tabora, alipotangaza maonyesho ya picha za nyumbani, kila picha na haiku yake, mwalimu huyo mstaafu alikuwa wa kwanza kuguna. Mistari mitatu tu? Mizani tano, saba, tano, wala vina hakuna?

"Bwana Bhavesh, shairi lisilo na vina ni ugali bila mboga!"

"Onja kwanza, Mwalimu," Bhavesh alijibu akicheka. "Wajapani wanaula miaka mingi na hawajakonda."

Akaonja. Wiki haikuisha, akawa amenogewa kama kuku aliyeingia ghalani. Alihesabu mizani kwa vidole akipika, akifua, hata kanisani padre akihubiri, mpaka jirani yake wa benchi akamuuliza kama mkono unamuuma.

Picha aliyoichagua ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, imeliwa na unyevu. Ilimwonyesha mama yake, Bibi Levina, akiwa kijana, amesimama kando ya treni, amevaa koti refu, sanduku mkononi. Paskazia aliikuta chini ya godoro la mama yake kule kijijini Ziba, alipokuwa na miaka tisa. Mtoto akapiga hesabu zake. Koti, sanduku, treni, tena picha yenyewe imefichwa! Basi mama alikuwa amepanga kuwatoroka. Aliichukua, akaitia ndani ya daftari, wala hakumwambia mtu. Tangu siku ile kila mama alipokwenda kisimani, Paskazia alimsindikiza kwa macho mpaka aliporudi. Polepole akajifunza kutompenda sana, ili siku akiondoka asiumie.

Mama hakuondoka. Lakini jambo likishaingia moyoni mwa mtoto, nani atalitoa? Sasa Bibi Levina alikuwa na miaka themanini, na mwaka mzima alikuwa akiishi nyumbani kwa binti yake hapo Tabora. Chakula alipata kwa wakati, dawa kwa wakati, maji ya kuoga ya moto. Mazungumzo ndiyo yalikuwa haba: shikamoo asubuhi, marahaba, basi. Na mzee si mjinga. Wiki ile alikuwa amesema, "Jumapili nirudishe Ziba kwa kaka yako Ngollo. Hapa nakuchosha."

"Sawa, mama," Paskazia alijibu, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Haiku yake ilikuwa tayari, mizani imetimia barabara:

Mama njiani,
sanduku mkononi;
nyumbani nani?

Jumamosi ingesomwa mbele ya watu, na mama yake akiwa amealikwa. Paskazia alijua kuwa ingemchoma. Moyoni alijiambia, acha imchome, nami nilichomwa.

Ijumaa washiriki walikwenda ukumbini kubandika picha zao. Paskazia alipomaliza kubandika yake, akatupia jicho picha ya pembeni, ya Leodgar, mkulima wa tumbaku kutoka Kaliua. Babu yake Leodgar alikuwa amesimama kifua mbele, sanduku mkononi. Kona ya sanduku hilo ilikuwa imechanika. Paskazia akarudi kwenye picha yake: kona imechanika! Akavaa miwani. Akaenda kwenye picha ya tatu, iliyoletwa na Malek, muuza vitambaa, ya shangazi yake: sanduku lile lile, kona ile ile.

Ala! Hawa watu walikuwa wakiazimana sanduku? Alitaka kuuliza, akasita. Mwalimu mzima, nywele zimejaa mvi, aulize swali la kitoto mbele ya watu? Lakini udadisi ulimwasha kuliko upupu.

"Bwana Bhavesh, hivi hili sanduku ni la nani?"

Bhavesh alicheka mpaka akashika meza. "La babu yangu, Mwalimu! Lilikuwa la studio, pamoja na koti. Na hiyo treni imechorwa kwenye pazia. Mtu anavaa, anapigwa picha, anavua, anaondoka. Nusu ya Tabora wamelishika hilo sanduku!"

Paskazia aliibandua picha, akaenda nayo mbio nyumbani. Bibi Levina alikuwa uani akichambua mchele. Paskazia alikaa chini, mavumbini, akaiweka picha juu ya ungo.

"Mama, hapa ulikuwa unakwenda wapi?"

Bibi Levina aliisogeza karibu na macho, kisha mbali. "Hee! Kumbe wewe ndiye uliyeichukua? Nilikuwa siendi popote, mwanangu. Nilimleta shangazi yako hospitali hapa Tabora, nikapita studio. Nilitaka kuona nikiwa msafiri nafananaje. Treni yenyewe sijaipanda mpaka leo."

"Mbona uliificha?"

"Si hilo koti! Baba yako angeniuliza ni la mwanamume gani." Akacheka, kisha akaona machozi ya binti yake. "Paska, ulidhani nini?"

"Nilidhani ulitaka kutuacha."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa ungesema ndiyo."

Bibi Levina aliweka ungo pembeni, akamvuta kifuani mwalimu mwenye miaka hamsini na sita, akambembeleza kama wa miaka tisa. Mchele ulimwagika, kuku wakafaidi.

Jumamosi Paskazia alisoma haiku mpya:

Treni ya rangi,
mama hakusafiri;
niliondoka.

"Imekwisha?" Bibi Levina aliuliza kwa sauti. Ukumbi ukaangua kicheko, na Paskazia akacheka kuliko wote.

Jumapili Ngollo alipiga simu kuuliza basi litafika Ziba saa ngapi. Bibi Levina mwenyewe ndiye aliyeishika simu, akamwambia haji ng'o, kwa maana binti yake ana maswali ya miaka arobaini na saba na ndiyo kwanza wameanza. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga.