Mama Kaa na Mashimo Arobaini ya Chewa

Masikio!
*Yapo!*
Ya kusikilizia au ya kutundikia kalamu?
*Ya kusikilizia!*

Basi palikuwa na bahari, na watu wakaja kusimamisha humo mnara wa chuma wenye mapangaboi matatu, upepo uyazungushe, taa ziwake mjini. Kuukita mnara huo chini ya bahari ni kazi ya nyundo kubwa. Wajenzi wale walikuwa na desturi yao: kwanza waligonga polepole, *ko, ko, ko*, ili viumbe wasikie na waondoke. Kisha ndipo nyundo yenyewe: NGWAA! NGWAA!

Pomboo walihama mapema. Chewa, samaki mkubwa mwenye mdomo kama mlango, alichelewa kwa sababu alikuwa bado anakula. Kichwa kilimuuma mwezi mzima.

Kazi ikaisha, pakawa kimya. Mawe yaliyomwagwa kuuzunguka mguu wa mnara yakaota mwani, yakashika kome, na samaki wadogo wakaja. Chewa naye akarudi. Akahesabu mashimo kati ya mawe, arobaini, akasema, "Yote yangu."

Ndipo akaja Mama Kaa, mayai yamemjaa chini ya tumbo. Kule mchangani kila mpita njia aliyadokoa. Alitaka shimo moja tu, siku tatu, mpaka yaanguliwe.

"Hodi, Bwana Chewa. Naomba lile shimo."

"Lile nalala leo."

"Na hili?"

"Hili nalala kesho."

"Na lile dogo, ambalo hata mkia wako hauingii?"

"Lile nalitazama."

Mama Kaa akatoa mapovu, *bu-bu-bu*. Akaondoka, akarudi, akaomba tena. Lile nalala, hili nalala, lile nalitazama. Akaomba mara ya tatu. Lile nalala, hili nalala, lile nalitazama!

"Jamani!" akasema Mama Kaa. "Mwili mmoja, mashimo arobaini! Basi, nimechoka kuomba."

Chewa alipokwenda kula, Mama Kaa akajipenyeza kinyumenyume katika lile shimo dogo, mgongo wake ukagusa chuma cha mnara. Chewa akarudi, akamkuta.

"We bibi! Toka, au nikumeze na mayai yako!"

*Ko. Ko. Ko.*

Chewa akaganda. "Umesikia?"

"Nimesikia. Si ndivyo wanavyoanza? Polepole, halafu..."

"Usiniambie halafu!" Akakimbia, *chubwii!*

Kesho yake akarudi. "Mbona nyundo haikupigwa?"

"Unaniuliza mimi? Kwani mimi ndiye fundi?"

*Ko. Ko. Ko.* Chewa huyo, *chubwii!*

Siku ya tatu akaja amevimba kwa hasira. Mayai yalikuwa yameanza kutikisika.

"Ni wewe unayegonga! Onyesha mikono!"

Mama Kaa akatoa gando moja, akatoa la pili, akayainua juu.

"Haya, hesabu, baba."

Chewa akahesabu. Mmoja. Miwili. Akahesabu tena. Mmoja. Miwili.

*Ko. Ko. Ko.*

"Mama yangu! Kweli wamekuja!" akalia Chewa, akaondoka bila kuaga.

Hakuhesabu miguu. Kaa ana miguu minane, na ule wa nyuma kabisa ulikuwa umeshika ganda la kome, unagonga chuma bila haraka.

Jioni ile mayai yakaanguliwa. Vitoto vikaelea nje, maelfu, kama vumbi lenye macho. Mashimo yakapata wenyewe: huku kamba, huku pweza, huku changu na wanawe. Chewa yuko mbali hadi leo. Kila anayempita anamuuliza, "Wamemaliza kugonga?" Nao wote humjibu kwa heshima, "Bado kidogo, Bwana Chewa."

Funzo, watoto wangu: mkubwa akikunyima nafasi, mwombe kwa upole mara tatu, naye atakupa. Na msigongegonge vitu vya watu.

Nimefika mwisho. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa na chumvi, ndiyo bahari hiyo.