Kiti Ambacho Hakikununuliwa

Hadithi hii nililetewa na mtu aliyeletewa na mwingine. Nami nakupitishia, maana si ya kula peke yangu.

Mzee Fikirini aliishi na bintiye Salha na wajukuu. Kwao chakula kilipakuliwa katika sinia moja, likawekwa mkekani, wote wakalizunguka. Mzee ndiye aliyewagawia wajukuu samaki.

Kisha magoti yakamkatalia. Akishuka mkekani, hainuki mpaka abebwe. Basi akawa anapelekewa sahani yake barazani, kwenye kiti chake cha mbao. Sahani ilirudi karibu kama ilivyokwenda.

"Baba, mbona huli?"

"Nimeshiba, mwanangu."

Lakini shati lilizidi kumpwaya. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na Salha akaingiwa na hofu. Mtu asiyekula atafungaje?

Akafungua simu, akaingia katika duka moja la mtandaoni. Akaandika: kiti cha mzee. Vikaja vingi. Akataka kifupi, vikapungua. Akataka chenye mgongo, vikapungua tena. Akataka kinachoshuka mpaka usawa wa mkeka, kisha kimwinue mtu. Simu ikamjibu: Hakuna bidhaa.

Akabadili rangi. Hakuna. Akapandisha bei. Hakuna.

Mtu asimlaumu Salha. Ni nani kati yetu hajawahi kutafuta hivyo?

Mwishowe akamwandikia mhudumu wa duka, aitwaye Leokadia.

"Dada, duka lenu halina kiti cha baba yangu."

"Pole, dada. Akikipata, atafanya nini ambacho leo hawezi?"

"Swali gani hilo? Atakaa!"

"Kwani leo hakai?"

"Anakaa. Ana kiti chake barazani."

"Basi hebu muulize mwenyewe anakosa nini."

Salha akatoka barazani. "Baba, ukiletewa kitu kimoja kutoka dukani, ungetaka kikusaidie nini?"

Mzee akacheka. "Nataka mkono wangu ufike kwenye sinia lenu. Huku nakula na nzi, na hata nzi wenyewe hawanisalimu."

Salha akacheka naye, kisha akageuza uso ili baba asimwone akifuta macho. Akamwandikia Leokadia maneno yale kama yalivyo.

"Futa neno kiti," Leokadia akajibu.

"Nitapataje kiti nikilifuta?"

"Futa kwanza, dada. Halafu andika alivyosema mzee."

Akafuta. Akaandika: asiyeweza kukaa mkekani afikie sinia la watu wengi. Zikaja meza za mviringo, pana za kutosha sinia, kimo chake kikipita magoti kidogo. Chini ya kila meza palikuwa na vigoda vyake.

"Mbona mwanzo hamkuwa nazo?"

"Zilikuwepo. Utafutaji wetu unaelewa jina la kitu, unaelewa na haja ya mtu. Wewe ulishikilia kiti, nao ukashikilia kiti pamoja nawe."

Jioni ya kwanza ya Ramadhani, meza aliyoiagiza Salha ikatandikwa sebuleni. Sinia likapanda juu, wajukuu wakakaa vigodani. Mzee akaingia taratibu, akakalia kiti kilekile cha mbao kilichotoka barazani.

Adhana ikalia. Akafungua kwa tende, kisha akanyoosha mkono, akammegea mjukuu mdogo kipande cha samaki. Mwingine akawahi kichwa.

"We mwenye mkono mrefu," mzee akamwambia, "rudisha hicho kichwa. Mwenyewe nimerudi."

Usiku ule Salha aliosha sinia moja tu. Hapakuwa na sahani ya barazani.

Funzo: Usishikilie jina la kitu mpaka ukaisahau haja yako; aliyekosa anachokitafuta huenda hajakosa anachokihitaji.